Mashine ya kufuma ikigoma, angalia kosa limekaa wapi

Kipande cha kwanza nilichofuma kwa mashine kilijaa matundu hadi mwanangu akakivaa kichwani, akazunguka nacho uani akitangaza kwamba amepata wavu wa dagaa. Sikumlaumu. Nilikuwa nimekihangaikia tangu asubuhi. Nilibadili uzi mara tatu, nikakaza, nikalegeza, nikatia mafuta, nikayafuta, na kila nilichofanya nilikifanya pamoja na kingine. Ilipofika magharibi sikujua kipi kimesaidia na kipi kimeharibu.

Tangu siku ile nina daftari dogo la shule linalokaa droo ya juu. Ndani yake naandika uzi niliotumia, namba ya mkazo (ile ya keriji inayopanga ukubwa wa vitanzi, ikipanda vitanzi vinalegea), uzito niliouning'iniza na kilichotokea. Pia nimejiwekea sharti, nabadili kitu kimoja tu, nafuma mistari 20, naangalia, ndipo nagusa kingine. Yanayofuata yametoka kwenye daftari hilo, pamoja na kurasa zake zenye madoa ya chai.

Mashine ninayoizungumzia ni ile ya nyumbani ya kusukuma kwa mkono, yenye kitanda kimoja na sindano 200 zilizoachana milimita 4.5. Za Brother, Silver Reed na Singer za aina hii zinafanana sana, ukiizoea moja huipotei nyingine. Haihitaji umeme, kwa hiyo LUKU ikiisha mchana kazi inaendelea. Yangu niliinunua ikiwa imetumika, ikashushwa kwenye basi la Dar es Salaam hapa Mtwara ikiwa imefungwa kwenye gunia, bila kitabu cha maelezo. Na kama unajiuliza nani anavaa sweta huku pwani, panda Newala mwezi wa saba, simama pale Shimo la Mungu alfajiri upepo ukipanda kutoka bonde la Ruvuma, halafu tuongee. Mama yangu mdogo anaishi huko. Ndiye mteja wangu mkubwa, ingawa hajawahi kulipa.

Tuelewane majina kwanza. Kitanda ni ule ubao mrefu wa chuma wenye vijia ambamo sindano zimelala. Keriji ni kile kisanduku chenye mkono unachokisukuma kwenda na kurudi. Kila sindano ina ndoano kichwani na ulimi mdogo unaofunga na kufungua ndoano hiyo. Mlingoti ni ule mti wa chuma nyuma ya mashine unaopitisha uzi juu kabla haujashuka kwenye keriji.

Keriji ikipita, sindano inasukumwa mbele, kitanzi cha zamani kinateleza nyuma ya ulimi, uzi mpya unalala kwenye ndoano, sindano inarudi, kitanzi cha zamani kinaufunga ulimi na kuurukia. Hapo umepata kitanzi kipya. Karibu makosa yote yanatokana na hatua mojawapo kati ya hizo kutokamilika.

Kabla hujagusa bisibisi

Toa kitambaa kwenye mashine, kitandike mezani penye mwanga, ukitazame. Usimlaumu muuza nyuzi bado.

Kosa likisimama wima, kutoka chini hadi juu kwenye safu ile ile, mtuhumiwa ni sindano. Likilala, yaani mstari mzima au nusu mstari umebana au umelegea, tafuta kwenye uzi na njia yake. Likitapakaa bila mpango, leo hapa kesho pale, fungua mashine uangalie sponji inayozilaza sindano. Likikaa ukingoni tu, ni uzito au mlingoti. Na likitokea keriji ikienda kulia lakini si ikirudi kushoto, basi ni kitu kilichomo ndani ya keriji, aghalabu brashi ya upande mmoja.

Mimi nilichukua karibu mwaka mzima kuyajua haya, kwa sababu nilikuwa naitazama mashine badala ya kukitazama kitambaa.

Vitanzi vinaponyoka ovyo

Huu ndio ugonjwa wa mashine nyingi zilizotumika, na ndio uliozaa wavu wa mwanangu. Unafuma mistari kumi safi, wa kumi na moja vitanzi viwili vinaponyoka. Unaviokota, unaendelea, vinaponyoka vingine mahali pengine kabisa. Wakati mwingine keriji inajikwaa, na ukiinua macho unaona sindano moja imenyanyua kichwa kama kenge.

Ndani ya kitanda, juu ya sindano zote, kuna chuma chembamba kirefu chenye utepe wa sponji chini yake. Kazi ya sponji hiyo ni kuzikandamiza sindano zilale sawasawa. Sponji inazeeka hata mashine ikikaa kabatini bila kuguswa. Inalala, inageuka kuwa ulojo, halafu inakauka. Ikifika hapo, kila sindano inacheza inavyotaka, na keriji inaipata moja na kuikosa nyingine.

Kupima ni dakika moja. Shika kichwa cha sindano yoyote kwa kidole, ukinyanyue kidogo. Sindano yenye sponji nzima inakataa na kurudi. Isiyo nayo inanyanyuka kama jino bovu. Ukitaka uhakika, ondoa keriji kitandani, sukuma kile chuma kwa ncha ya bisibisi kutoka upande mmoja, kitachungulia upande wa pili, kivute chote. Sponji inatakiwa ivuke kingo za chuma kwa kiasi kinachoonekana. Yangu ilikuwa bapa, nyeusi, inanata, na nilipoikwangua ilitoka vipande vipande kama keki ya juzi.

Ya kununua ipo, lakini huku kusini ni ya kuagiza na kungoja. Nilijaribu kutengeneza mwenyewe, na hapa daftari lina kurasa nne. Jaribio la kwanza nilikata sponji ya godoro la mtoto. Ilifanya kazi vizuri sana kwa wiki mbili, kisha ikalala. Sponji laini hairudi baada ya kukandamizwa na sindano 200 usiku kucha. Jaribio la pili nilikwenda kwa fundi makochi, nikaomba vipande vya ile ngumu ya kukalia. Alinipa bure, akacheka. Nilikata unene mwingi mno, na keriji ikawa nzito kiasi cha kuhitaji mikono miwili. Jaribio la tatu ni sponji ile ile, lakini nimeikata upana wa sentimita 1 hivi, na unene unaozidi kidogo tu kina cha chuma. Hii ndiyo iliyokaa.

Mambo mawili yaliyonigharimu muda. Gundi ya zamani lazima itoke yote, isugue kwa kitambaa chenye spiriti hadi chuma king'ae, la sivyo sponji mpya inakaa vilima vilima na sindano za kwenye kilima zinakaza. Pia usiiache sponji uchi. Juu yake gandisha utepe wa satini, ule wa kufungia zawadi, ili sindano ziteleze badala ya kuing'ata. Wakati wa kurudisha chuma, sponji iangalie chini, na tembeza rula mbele yake ukizikandamiza sindano ili chuma kipite juu yake. Kikipita chini ya sindano hata moja, utajua, kwa sababu hakitasogea tena.

Mstari wima usioisha

Safu moja imelegea kama ngazi, au kitanzi kinaponyoka kila mara kwenye sindano ile ile. Hesabu kutoka katikati ya kitanda, weka alama kwa kalamu ya mkaa juu ya sindano hiyo, kisha fanya jaribio ambalo halijawahi kunidanganya. Badilishana sindano hiyo na moja ya pembeni kabisa ambayo hutumii. Kosa likihama nayo, sindano ni mbovu. Kosa likibaki palepale, tatizo ni kijia chake kwenye kitanda, aghalabu kuna vumbi lililoganda au kipande cha uzi kimejificha.

Kuitoa, sogeza chuma cha sponji hadi kivuke sindano hiyo, isukume mbele, funga ulimi, bonyeza kichwa chake chini hadi mkia uinuke nyuma, kisha ivute kutoka nyuma. Itazame juani. Ulimi mzima unaanguka wenyewe ukiigeuza sindano, na unatua katikati ya ndoano. Unaoegemea upande hata kwa unywele utapasua uzi. Nimewahi kunyoosha ndoano kwa koleo na kujisifu, ikadumu mikono mitatu ya sweta, ikajikunja tena. Tupa. Sindano ya ulimi ni kitu kidogo lakini kimefikiriwa sana. Aliyeipatia hataza, Matthew Townsend wa Leicester, Uingereza, alifanya hivyo mwaka 1849, na hadi leo mashine inayofanya kazi kwa namna hii inaitegemea.

Huku kwetu adui wa sindano ni kutu. Ukikaa Shangani au Mikindani, hewa ya chumvi inaingia hata droo iliyofungwa. Sindano zenye kutu ya juujuu nazilaza kwenye mafuta ya taa usiku mmoja, nazisugua kwa mswaki wa zamani, nazifuta kwa spiriti, kisha tone la mafuta ya cherehani kwenye kitambaa, na kwa kitambaa hicho nazipitisha moja moja. Zenye kutu iliyokula hadi ikaacha vishimo hazifai tena, zitakwaruza kila uzi.

Keriji nzito, na kisa cha mafuta ya nazi

Kuna wakati kazi ilikuwa ngumu asubuhi na nyepesi mchana. Nikiamka mapema nifume kabla ya jua, keriji ilikuwa inanata kama imewekwa asali. Saa sita mchana inateleza yenyewe. Niliandika wiki nzima kwenye daftari. Nilishuku uzi, kwamba unalowa umande. Nikaweka uzi kwenye mfuko wa plastiki usiku, hakuna tofauti. Nilishuku meza, kwamba mbao zinavimba. Nikahamisha mashine hadi meza ya chakula, hakuna tofauti.

Nilikwenda kwa mzee mmoja fundi baiskeli pale Magomeni kununua mafuta ya mnyororo, nikamwamkia, nikamsimulia. Akaniuliza swali moja tu.

"Umetia mafuta gani humo ndani?"

"Ya nazi, babu. Masafi kabisa, nimekamua mwenyewe."

Alinyamaza kidogo, akafuta mikono. "Chupa yako ya mafuta hayo asubuhi inakuwaje?"

Hapo ndipo nilipoona. Mafuta ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na mwezi wa saba, kusi likivuma, usiku wa Mtwara unashuka chini ya hapo. Kila mtu huku anaijua chupa ya mafuta ya nazi iliyoganda dirishani asubuhi. Mimi nilikuwa naiona kila siku nikijipaka nywele, na sikuunganisha. "Hayo, mjukuu wangu," alisema, "yapeleke kwenye wali."

Nilifungua keriji, nikaikuta na uji wa mafuta, vumbi na manyoya ya uzi. Mafuta yoyote ya kula yanafanya hivyo mwishowe, hata yasiyoganda, maana yanashika vumbi na kugeuka utomvu. Tumia mafuta ya cherehani, machache sana, kwenye kitambaa, kwenye reli mbili ambazo keriji inapita. Ukiona tone, umezidisha.

Kama keriji si nzito muda wote bali inakuwa nzito ikifika katikati, chungulia chini. Meza ikipinda katikati kitanda kinapinda nayo. Klampu mbili za mashine zikazwe sawa, na meza isiwe ile inayocheza ukikohoa.

Na ikikwama kabisa, mkono wako usalimu amri kabla ya mashine. Ukilazimisha unapinda sindano kumi kwa mkupuo, najua bei yake. Legeza skrubu mbili za bamba la mbele, lile linaloshika brashi na kupitisha uzi, ulitoe. Baadhi ya mashine zina kitasa cha kuiachilia keriji hapo hapo ilipo. Rudisha sindano zilizonasa moja moja kwa kidole, ondoa keriji, ianze tena kutoka pembeni. Kabla ya kuendelea kagua vitufe na vibonyezo vyake vyote. Kitufe cha mchoro kilichobaki kimebonyezwa tangu juzi kimenipotezea jioni nyingi kuliko kutu.

Kingo zinazolegea na vijitanzi vya uzi vinavyoning'inia

Vitanzi vya pembeni vinahitaji kuvutwa chini kuliko vya katikati, kwa sababu havina jirani wa upande wa pili wa kuvishika. Mashine mpya inakuja na vizito vyake vyenye makucha. Yangu ilikuja na kimoja. Nilijaribu chupa za maji (zinayumba, zinagonga meza), nikajaribu mawe kwenye soksi (mwanangu alizivaa). Mwishowe nikaenda kwa wavuvi nikanunua chubwi za wavu, nikazipindia waya mgumu uwe kulabu ya meno mawili, nikazifunika kwa kitambaa na kuzishona. Zinafanya kazi kama za kiwandani. Chubwi ni za risasi, na risasi ni sumu, kwa hiyo kitambaa hicho si urembo, na mikono inawe kabla ya kula. Watoto wasizichezee.

Kizito kinapanda na kazi. Kila mistari 15 hivi nakihamisha juu, karibu na sindano. Kikiachwa chini, kinavuta kitambaa cha jana na kitanzi cha sasa hakihisi chochote. Kikizidi, ukingo unarefuka na kufanya mawimbi ambayo hata kufua hakuyaondoi.

Kama uzito uko sawa lakini ukingoni kunabaki vijitanzi vikubwa, angalia mlingoti. Juu yake kuna waya unaopinda kama ndevu za kamba kochi. Keriji ikivuka sindano ya mwisho na kuanza kurudi, waya huo unatakiwa upande na kunyonya uzi uliolegea. Waya usipopanda, kaza kidogo kisahani kinachobana uzi. Ukipanda na kubaki umeinama hadi kugusa mlingoti, umekaza mno. Nawe usiipeleke keriji mbali. Vuka sindano ya mwisho, sikia mlio wake, rudi. Mimi nilikuwa naipeleka hadi mwisho wa reli kama basi linalotafuta abiria, na kila mara narudi na uzi umelala.

Mistari iliyolala

Mstari mmoja umebana kama kamba, unaofuata uko sawa. Karibu kila mara ni bonge la uzi. Mabonge ya dukani yamebanwa kwa ajili ya kufuma kwa mkono, mtu anavuta kidogo kidogo. Mashine inavuta kwa pupa, bonge linaruka, uzi unanasa, mstari unabana. Lizungushe upya kwa ulegevu, uzi utoke katikati au juu, na liweke sakafuni nyuma ya mlingoti, si kando ya kiti ambako paka anapita.

Uzi wa pamba hauna mnyumbuliko kama akriliki au sufu. Unakaza, unakwaruza, na vitanzi vyake havisameheani. Nauzungusha ukipita kwenye kipande cha mshumaa mweupe, nashusha mwendo, naongeza chubwi moja. Akriliki kwetu haisumbui sana. Wanaofuma kwenye nchi za baridi kavu wanalalamika kwamba inashika umeme na kunata kwenye sindano, lakini unyevu wetu unatuokoa na hilo, angalau kwa hilo.

Vitanzi viwili kwenye ndoano moja

Ukiona kitanzi cha zamani hakikuruka, kimebaki ndoanoni na kipya juu yake, mashine inakuambia imebanwa. Ama namba ya mkazo ni ndogo kwa uzi huo, ama uzito hautoshi, ama brashi hazizunguki. Jaribu kwa mpangilio huo. Piga namba moja zaidi, fuma mistari 20. Ukifika 10, namba ya mwisho, na bado inalalamika, uzi huo ni mnene kwa kitanda hiki. Tumia sindano moja, acha moja, na utashangaa jinsi kitambaa kinavyolainika.

Brashi zipo chini ya bamba la mbele, ndogo kama magurudumu ya gari la kuchezea. Zinatakiwa zizunguke ukizipuliza. Uzi ukijizungusha kwenye mhimili wake, hata nyuzi tatu tu zisizoonekana, brashi zinasimama. Zitoe nyuzi hizo kwa wembe na subira. Hili ndilo kosa linalotokea upande mmoja wa mwendo, nililolitaja mwanzo.

Kitambaa chote kikianguka sakafuni kwa mpigo, pamoja na uzito wake, uzi haukuwa kwenye mdomo wa keriji. Hakuna zaidi ya hapo. Vuta pumzi, anza upya.

Sweta limetoka zuri, halimwenei mtu

Hapa mashine haina kosa, na ndiyo maana panauma. Mama mdogo alinipigia wiki moja baada ya kupokea sweta lake la kwanza.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Sweta nimelipata, zuri kweli, majirani wamelisifu. Ila nikilivaa sipumui."

Nililipima upya kwa daftari. Kipande cha majaribio nilikifuma kwa vitanzi 40 na mistari 60, kama inavyotakiwa. Kitandani vitanzi 40 vinachukua sentimita 18, kwa sababu sindano zimeachana milimita 4.5 na zinakinyoosha kitambaa. Nilikitoa, nikakipima hapo hapo, nikapata sentimita 15.4. Nikahesabu vitanzi 26 kwa kila sentimita 10. Kifua cha mama mdogo ni sentimita 96, nikaongeza 8 za kupumulia, jumla 104, kila upande 52. Nikaanzisha vitanzi 135.

Kipande kile kile nilikipima tena baada ya kukifua na kukianika kivulini, na kilikuwa sentimita 14.3. Yaani vitanzi 28 kwa sentimita 10. Kitambaa cha mashine kinatoka kimevutwa, na kinachukua usiku mzima au mfuo mmoja kurudi kwenye umbo lake. Kwa vitanzi 28, zile 135 zinatoa sentimita 48.2 kila upande, jumla 96.4. Nilimfumia mama mdogo sweta la kipimo cha ngozi yake. Nilihitaji vitanzi 146.

Sasa kipande kinafuliwa kwa sabuni ile ile ambayo sweta litafuliwa, kinakauka, kinalala usiku, ndipo napima. Nakipima katikati, mbali na kingo, na nafunga uzi wa rangi kwenye kitanzi cha kwanza na cha mwisho cha vile 40 ili nisikisie. Na sikipigi pasi. Akriliki ikiguswa na pasi ya moto inakufa, inalegea kama majani ya muhogo yaliyopikwa, na hairudi tena. Nilijifunza hilo kwenye mkono wa kushoto wa sweta la pili la mama mdogo.

Lisilo kosa

Kingo kujikunja si kosa. Kitambaa cha kitanda kimoja kinajikunja pembeni kuelekea nyuma, na chini kuelekea mbele, hata ukisali. Tengeneza pindo la kukunja, sehemu ya ndani ukiipunguzia namba ya mkazo kwa moja au mbili, au toa kila sindano ya tatu nje ya kazi kwenye kiuno na vikono ili kitambaa kivutike kama mbavu. Usipoteze uzi kujaribu kukinyoosha kwa uzito.

Kadi za matundu, zile zinazoiambia mashine mchoro wa kufuma, ukizikata mwenyewe kwa karatasi ya manila, zitapinda masika yakianza na kukwama kwenye kisomeo. Nimejaribu kuzipaka nta ya mshumaa, inasaidia kwa siku chache. Kwa sasa michoro naiacha hadi kiangazi.

Jioni nikimaliza narudisha sindano zote nyuma, napitisha brashi kavu kwenye kitanda, natoa chuma cha sponji nakiweka kando ili sponji ipumzike, kisha nafunika na kanga iliyochakaa, si plastiki. Plastiki inafungia unyevu ndani, na mwezi wa tatu nilifunua nikakuta sindano 31 zimegeuka rangi ya korosho iliyoungua.